Namba Thelathini Haivuki Mlima

Kliniki ya Ha Ntšasa
3 Julai

Kwa Fundi wa Mitambo,
Hospitali ya Letsoapong.

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wenzako mnaoota moto huko bondeni.

Tangu fundi wa kampuni aje Ijumaa, akang'oa ile swichi ya mtandao iliyoungua na kuweka mpya, simu za kliniki hazisemi. Kompyuta nazo zimebaki vioo vya kujitazamia. Fundi mwenyewe alikuwa na haraka. Alitazama wingu, akatazama gari lake, akasema, "Mama, tayari," akaondoka. Theluji ilianza kabla hajafika kwenye kona. Sasa kipito cha mlimani kimefungwa, na mnara wa simu za mkononi umezimika kwa sababu paneli zake za sola zimelala chini ya theluji. Ndiyo maana naandika kwa kalamu kama zamani. Mzee wetu wa farasi, Ntate Seqhobane, amekubali kupita na farasi pale ambapo gari haliwezi. Akitoka kwangu alfajiri, jioni yuko kwenu.

Nina mgonjwa. Anaitwa Mosele, ana miaka kumi na tisa, mimba yake ya kwanza, mwezi wa nane. Presha inapanda. Miguu imevimba hadi viatu vimemkataa, na jana amelalamika kwamba kichwa kinamgonga. Dawa ninazo, ujuzi ninao, lakini kuna mahali nikifika nahitaji sauti ya daktari sikioni. Ndege ndogo ya wagonjwa haiwezi kutua kwenye mawingu haya. Na hata yakiondoka, nani atamwita rubani bila simu?

Najua ni nani mwenye kazi ya mitambo hapo. Sitaandika jina lake. Naomba kazi ifanyike.

'Makhauhelo Ramakatsa
Muuguzi Mkuu


Letsoapong
4 Julai

Mama,

Nakuamkia kwa heshima. Barua yako ilifika jana jioni, na Ntate Seqhobane alikuwa na barafu kwenye masharubu. Tumempa supu na farasi wa kubadilisha. Daktari Kalonji ameandika maelekezo yake kuhusu Mosele, nimeyaweka ndani ya bahasha hii. Anasema umefanya yote yanayotakiwa, na kichwa kikizidi kumgonga uanze ile dawa ya mshipa bila kusubiri barua.

Sasa kuhusu mtandao. Taa ya waya unaokuja kwako inawaka kijani huku kwetu, maana yake waya ni mzima. Waya huo mmoja hubeba njia tatu, sisi mafundi tunaziita VLAN, na kila njia ina namba yake ili mambo yasichanganyike. Ishirini ni ya kamera na kipimajoto cha friji ya chanjo. Thelathini ni ya simu. Arobaini ni ya kompyuta. Ishirini inavuka mlima bila taabu, friji yako naiona hapa, nyuzi nne. Thelathini na arobaini hazivuki. Swichi yetu nimeikagua mara mbili na sijaona kosa, kwa hiyo nadhani kosa liko kwenye swichi mpya iliyoko kwako. Siwezi kuiingia nikiwa huku, kwa sababu mimi nami hupita njia ya arobaini. Mikono yako ndiyo itakuwa mikono yangu, kama utaniruhusu.

Kwa leo niandikie tu: swichi iko wapi, ina taa ngapi zinazowaka, na kama kuna waya uliolegea. Usizime kitu.

Mama, kuna jambo lingine. Kamera ya getini kwako bado inanifikia. Ni ya zamani, haionyeshi nyuso, lakini mwendo wako naujua. Jana ulivuka uwanja mkono wa kushoto ukiwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Umeumia? Na leo asubuhi nimeona wanaume watatu wakichimba kando ya ukuta. Mmoja akavua kofia. Nimeshindwa kumaliza chai yangu. Nakuomba uniambie kwamba Mosele yu hai.

Limpho
mkamwana wako


Ha Ntšasa
5 Julai

Fundi,

Kumbe unanichungulia! Niliambiwa kamera ile ni ya wezi wa kondoo, sikujua ni ya kumwangalia mama mtu mzima akienda chooni. Nimeipandia kwa kigoda na kuifunika kitambaa cha vyombo. Ukitaka kuingia kwangu, bisha hodi kama watu.

Wale wanaume walikuwa wanachimbua bomba la maji lililoganda. Aliyevua kofia alikuwa anajikuna. Mosele yu hai, na jana amekula ugali na mboga akaomba nyongeza. Lakini presha haijashuka, na leo amesema anaona nyota mchana. Nimeanza dawa ya mshipa kama daktari alivyosema. Nimesoma karatasi yake mara nyingi hadi nimeichosha. Karatasi haijibu maswali, ndiyo shida yake.

Swichi iko stoo, juu ya rafu, pembeni ya magunia ya unga. Kwanza nilimkuta paka amelala juu yake, maana ina joto kuliko jiko langu. Nimemfukuza, akarudi. Taa kumi na moja zinawaka, nyingine zinapepesa, na ile ya waya mnene wa njano inawaka kijani kama ya kwenu. Nyaya nimezibonyeza zote kwa kidole. Hakuna uliolegea.

Mkono wangu ni wangu. Nilianguka, basi.

Na usijiite mkamwana wangu kwenye barua za kazi. Mkamwana wa Ramakatsa ninayemjua alivaa nguo nyeusi ya msiba wa mwanangu miezi mitatu tu, nyasi hazijaota kaburini, nikamkuta sokoni kavaa suruali, anacheka na wauza viazi. Mimi sijaisahau siku ile. Tufanye kazi ya simu, ikiisha kila mtu ashike njia yake.

'Makhauhelo Ramakatsa


Letsoapong
6 Julai

Mama,

Nakushukuru kwa taa kumi na moja, na kwa habari ya Mosele. Pole kwa kamera. Hukukosea kuifunika.

Anayebeba barua hii amebeba pia waya wa buluu na kompyuta ndogo, nimeifunga kwenye blanketi mbili. Chomeka ncha moja ya waya kwenye kompyuta, na ncha nyingine kwenye tundu la swichi lililoandikwa kwa buluu, liko peke yake pembeni. Neno la siri na maneno ya kuandika nimeyaweka kwenye karatasi ya pili kwa herufi kubwa. Ni ya Kiingereza, wewe yanakili tu kama yalivyo. Hayawezi kuharibu kitu, ni ya kuuliza tu. Swichi itakuonyesha orodha ya njia zinazoruhusiwa kupita kwenye ule waya wa njano. Ninakilie namba utakazoziona, bila kuruka hata moja.

Nashuku utaona ishirini peke yake. Ikiwa ndivyo, dawa yake ni rahisi na nitakuletea kesho kutwa.

Mkuu wangu wa idara anasema tusubiri theluji iyeyuke, fundi wa kampuni arudi amalize kazi yake. Nimemwambia Mosele hawezi kusubiri barafu.

Limpho


Ha Ntšasa
7 Julai

Limpho,

Nimeandika maneno yako kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia, paka akinitazama kama mkaguzi. Mara ya kwanza nilikosea neno la siri, swichi ikanikatalia. Mara ya pili ikanifungulia. Nimenakili kama ulivyosema:

Zinazoruhusiwa kupita: 20, 30, 40.

Zote tatu zipo, nimesoma na miwani na bila miwani. Kwa hiyo swichi yangu haina kosa. Angalia ya kwako.

Mosele leo hatambui ni siku gani. Ananiita kwa jina la mama yake. Hajapata degedege, na naomba Mungu asipate. Mtoto tumboni bado anacheza, nimemsikiliza. Nina dawa ya kutosha hadi kesho kutwa, baada ya hapo sijui niongeze au nipunguze, na kwa hili sitaki kubahatisha. Nimezalisha watoto wengi kwenye mlima huu, lakini sijawahi kuogopa hivi.

Kuna jambo moja nauliza, halafu nanyamaza. Nilikutukana kwenye barua iliyopita. Hukujibu. Nilimwambia Ntate Seqhobane, "Utaona, kesho atanirudishia matusi yangu na chenji juu." Akaniletea waya wa buluu. Kwa nini hujibu? Hata siku ile sokoni uliniinamia tu ukasema "Mama," ukasimama. Ungesema neno moja.

'Makhauhelo

Nimeifunua kamera.


Letsoapong
8 Julai

Mama,

Nilipoona picha imerudi, nilisimama nikapiga makofi peke yangu ofisini.

Naanza na kazi, kwa sababu ya Mosele.

Jana nilisoma barua yako nikakata tamaa kabisa. Huku thelathini imeruhusiwa, huko thelathini imeruhusiwa, na bado haivuki. Nilirudi nyumbani, nikapika, chakula kikaungua nikiwa nimeshika mwiko. Hapo ndipo nikakumbuka: kuruhusiwa getini si kuwa na chumba ndani. Tuliiuliza swichi yako ni nani anaruhusiwa kupita. Hatukuiuliza ni nani inamjua. Yule fundi alinakili maelekezo ya ile swichi ya zamani akayamimina kwenye mpya, na nadhani njia zenyewe hakuziunda, isipokuwa ishirini. Zile hukaa kwenye faili lingine, na ukiwa na haraka unalisahau.

Kwenye karatasi ya pili kuna swali jipya. Swichi itakupa orodha ya njia inazozijua. Namba moja utaikuta, kila swichi huzaliwa nayo. Ukikuta thelathini na arobaini hazimo, usiniandikie tena, usimtume mtu. Endelea na mistari iliyo chini yake, hiyo inaziunda. Andika kwanza ya thelathini, ubonyeze. Mimi tangu Ntate Seqhobane atakapoonekana getini kwako kwenye kamera, nitakuwa nimekaa na simu sikioni, nikipiga namba ya kliniki, ikikataa napiga tena. Daktari Kalonji atakuwa pembeni yangu.

Sasa la pili. Umeuliza, kwa hiyo nina ruhusa ya kujibu.

Mwezi wa tatu baada ya kumzika mume wangu Khauhelo nilitumwa kurekebisha waya kwenye nguzo, njia ya kwenda kinuni. Nilikuwa na sketi nyeusi na kile kitambaa cheusi cha mabegani ulichonifunga wewe mwenyewe. Ilikuwa siku ya upepo. Nikiwa juu, kitambaa kilinasa kwenye chuma cha nguzo, mguu ukateleza, nikaning'inia kwa shingo. Mwenzangu Pitso alipanda akakikata kwa kisu. Sauti ilinipotea wiki nzima. Mkuu wa idara akasema: ama nguo ya msiba, ama nguzo. Nami ndiye niliyekuwa nalisha nyumba.

Nilienda kwa mchungaji, akaniambia huzuni haikai kwenye kitambaa. Lakini kwako sikuja. Mkamwana hamwendei mama mkwe na visingizio kabla hajaulizwa, ndivyo nilivyolelewa. Na ningekuambiaje, Mama? Kwamba nguo ya msiba wa mwanao ilitaka kuninyonga? Nilifikiri ungesikia namlaumu marehemu. Siku ile sokoni ndiyo kwanza sauti ilikuwa imerudi, muuza viazi alinitania nakwaruza kama jogoo mchanga. Nilicheka. Ndilo ulilolikuta.

Kile kitambaa kilichokatwa ninacho. Sijui nikipeleke wapi.

Limpho


Ha Ntšasa
13 Julai

Limpho, mwanangu,

Najua simu inafanya kazi. Najua naweza kuinyanyua sasa hivi nikakupata. Lakini simu yangu iko mezani pale pale ambapo nusu ya kijiji hukaa wakisubiri dawa za kikohozi, na haya si maneno ya kusikiwa na wakohozi.

Nikueleze ilivyokuwa, maana wewe ulisikia upande mmoja tu.

Barua yako ilifika jua likizama. Nilisoma sehemu ya kazi, ile ya pili nikaiacha, nikajua nikiisoma sitaona kibodi. Nikauliza swali lako. Swichi ikanijibu kwamba inamjua namba moja na namba ishirini. Basi! Thelathini hata haijawahi kumsikia. Nilicheka kwa sauti hadi Mosele akaita kutoka wodini kuuliza nani amekuja. Nikaandika mistari yako, nikabonyeza, nikainama nitafute mstari wa arobaini, na simu ikaita.

Paka aliruka kutoka juu ya swichi akatua kwenye unga. Mimi nilikimbia na mkono wangu mmoja nikainyanyua. Wewe ukasema, "Mama?" Na mimi nikasema, "Nipe daktari."

Miaka miwili sijasikia sauti yako, na hilo ndilo neno nililokupa. Nisamehe kwa hilo.

Kalonji alikaa nami kwenye simu ile hadi presha ikaanza kushuka. Aliniambia nipunguze dawa hapa, niongeze pale, nimhesabie Mosele pumzi zake, na mtu huyo ana Kisotho kibovu lakini ana subira ya ng'ombe. Asubuhi ya tarehe kumi mawingu yalipasuka mara moja tu, kama mtu anayefungua dirisha kuona kama wageni wameondoka. Nilipiga simu, na ndege ilitua kabla wingu halijarudi. Wanaume wa bomba ndio walioparua theluji uwanjani kwa majembe yao. Mosele alipopandishwa alinishika mkono ule ule uliovunjika. Nilipiga kelele kuliko injini. Yaliyotokea baada ya hapo uliniambia wewe kwa simu jioni ile, nikakaa chini kwenye gunia nikalia hadi nikasikia njaa.

Baadaye nikasoma nusu ya pili ya barua yako.

Sasa nikwambie kuhusu mkono wangu. Siku simu zilipokufa nilichukua ngazi nikapanda juu ya paa la stoo na simu ya mkononi, nikitafuta hata mstari mmoja wa mtandao kwa ajili ya yule mtoto. Nilikuwa nimejifunga blanketi langu kwa pini, kama mwanamke wa heshima anavyopaswa. Blanketi lilinasa kwenye msumari wa ngazi. Nilivutwa nyuma kama mbuzi wa kamba, pini ikafyatuka, nikaanguka. Kama pini isingefyatuka, ungekuwa umeona uchimbaji mwingine kwenye kamera yako.

Nilikuficha kwa sababu niliona aibu. Mwanamke mwenye umri wangu, juu ya paa! Na nilipolala pale kwenye theluji, Limpho, jambo la kwanza nililofanya ni kulitupa blanketi lile mbali. Sikuuliza mchungaji. Wewe ulikaa na kitambaa chako siku ngapi baada ya kunyongwa, ukitafuta ruhusa? Mimi ndiye niliyekuhukumu kwa suruali.

Kila ninapotia sahihi naandika jina la mwanangu, maana 'Makhauhelo, Mama wa Khauhelo, ndilo nililobaki nalo. Nilidhani mimi peke yangu ndiye niliyebaki naye. Ujinga.

Msiba wako haukufunguliwa, ulikatwa kwa kisu juu ya nguzo. Hiyo si desturi na haikufai. Mwezi wa tisa, njia ikikauka, utapanda kuja huku. Nimeshazungumza na dada zake Khauhelo. Tutakuosha kukutoa msibani, watu wa kwenu walete nguo mpya, mimi nitatoa kondoo, na kile kitambaa tutakichoma pamoja mbele ya watu. Nitasimama mimi mwenyewe niseme kwa nini ulikivua, ili asibaki mtu wa kunong'ona, maana manong'ono hayo niliyaanzisha mimi.

Hiyo arobaini sijaiunda. Simu ilipoita niliiacha hapo hapo, na tangu hapo naona kompyuta zikinyamaza tunafanya kazi vizuri zaidi. Kama unaitaka, nipigie uniambie. Nina karatasi yako, nitaandika mwenyewe.

Mama yako,
'Makhauhelo


Letsoapong
15 Julai

Mama,

Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma za hospitali, juani, na kila aliyepita aliniuliza nani amekufa. Nikawaambia hakuna. Hakuna aliyekufa.

Mosele ameanza kukaa mwenyewe kitandani. Anagombana na wapishi kwamba uji wao haujachachuka vya kutosha, anataka ule wa Ha Ntšasa. Mtoto wake ni mdogo kuliko mkate, lakini leo ameondolewa mrija wa puani na amenyonya mwenyewe. Kalonji alitoka wodini akiimba kwa lugha ya kwao. Presha ya mama imekaa sawa siku ya tatu sasa. Anauliza kila anayeingia kama ule mkono aliouminya umepona, anaona aibu.

Mkuu wa idara ameandika kwa ile kampuni. Mimi nimeandika maelekezo mapya yatakayobandikwa ukutani: ukiweka swichi mpya, uliza kwanza inamjua nani, ndipo uulize inamruhusu nani. Amenishukuru kwa barua rasmi. Nimeiweka chini ya sufuria.

Arobaini tafadhali iunde, Mama. Duka la dawa huku halioni akiba yako, na wanataka kukutumia katoni sita za dawa ya minyoo.

Mwezi wa tisa nitakuja. Sijui nitasema nini mbele ya watu wote hao, labda sitahitaji kusema kitu. Dada zake Khauhelo wameshanipigia, wote watatu siku moja, mkubwa akanikemea kwa nini sikwenda kwake na shingo ile, halafu akalia, halafu akaniuliza napenda nguo ya rangi gani. Nimesema ya kijani.

Jana nilirudi nyumbani kukiwa bado kweupe. Nikavua viatu, nikasema nitajinyoosha kidogo kabla ya kupika. Nimeamka asubuhi jua limefika kitandani, jirani anagonga dirisha akidhani naumwa. Tangu tumzike Khauhelo sijawahi kulala hivyo.

Mwanao,
Limpho